Juisi yenye gesi nyumbani: anza na baridi, mashine baadaye

Wageni wakija Jumapili, wengi wetu hapa Tororo, Uganda, tunamtuma mtoto dukani alete soda, na huku nanasi liko mezani linanukia hadi barazani. Sina ugomvi na soda. Lakini mwenye nanasi, ndimu na tangawizi jikoni amebakiza gesi tu, na gesi haihitaji mashine ya bei mbaya. Mimi hutengeneza vinywaji hivi nyumbani na kwenye shughuli za majirani, na jambo ninalolisisitiza kuliko yote halihusu matunda. Linahusu baridi.

Gesi ya soda ni kaboni dayoksaidi, ile ile inayopanda kwenye mtumbwi wa tonto, pombe yetu ya ndizi, wakati juisi ya ndizi inachacha na mtama. Mwingereza Joseph Priestley aliijua hivyo hivyo: mwaka 1767 alikuwa akikaa jirani na kiwanda cha bia mjini Leeds, akaona kwamba maji yakiwekwa juu ya pipa la bia inayochacha yanainywa ile gesi na kuwa na ladha ya kuchangamsha. Sasa, maji baridi huishika gesi, ya moto huiachia. Maji yanayokaribia kuganda hubeba gesi karibu mara mbili ya maji ya nyuzi 20. Na hizo nyuzi 20 ni za watu wa Kabale, kule milimani kwenye baridi. Jua la saa nane la huku kwetu ni habari nyingine.

Kwa hiyo kila kitu kilale kwenye friji: maji ya gesi, shira ya matunda, hata jagi. Ukimimina shira ya uvuguvugu kwenye maji ya gesi, povu litapanda lote mara moja, na utakachobaki nacho ni maji ya sukari. Umeme ukikatika, usianze kuchanganya ukitumaini barafu itaokoa. Nunua maji ya gesi dakika ya mwisho kwenye duka ambalo friji yake bado inagandisha. Barafu yenyewe itoke kwenye maji yaliyochemshwa. Watu huchemsha ya kunywa kwa uangalifu kabisa, halafu wanagandisha ya bomba.

Baada ya baridi, chuja. Hapa ndipo vinywaji vingi vya nyumbani vinapoharibika. Kila kanyuzi ka embe na kila chembe ya nanasi ni mahali pa gesi kushika, kukua kuwa kiputo na kukimbia. Mimina kidogo kwenye glasi pamoja na maji ya gesi uangalie: juisi iliyopita kwenye chujio la chai peke yake inatoka povu zito juu na chini imeishiwa gesi, ila iliyopita kwenye kitambaa chepesi cha pamba inapandisha viputo vidogo vidogo taratibu mpaka glasi inaisha. Embe lililoiva sana silipendekezi. Ni zito, hata ukilichuja mara ngapi. Parachichi na ndizi, achana navyo kabisa, hivyo ni vya blenda na maziwa.

Pasheni ndiyo mfalme wa kazi hii. Ina uchachu wake, ina harufu, na kidogo inatosha. Kamua kwa kijiko juu ya chujio. Ukitumia blenda, igeuze mara mbili tatu tu, maana mbegu zikisagika zinatia uchungu na vumbi jeusi. Juisi ya pasheni usiichemshe, harufu itaondoka na mvuke. Chemsha kando kikombe cha sukari na nusu kikombe cha maji pamoja na kipande cha tangawizi kilichopondwa, acha ipoe kabisa, ndipo uchanganye na kikombe kimoja cha juisi. Hiyo ndiyo shira. Iwe kali kiasi kwamba ukiilamba peke yake unakunja uso, kwa sababu baridi na maji ya gesi vitaipunguza utamu. Sehemu moja ya shira kwa sehemu tatu au nne za maji ya gesi, halafu onja.

Nanasi la Kayunga au Luweero lenyewe huwa tamu, kwa hiyo punguza sukari na uongeze ndimu. Na maganda usitupe, tafadhali. Yaoshe vizuri kabla ya kumenya, yachemshe na tangawizi na majani ya chai kidogo, kama munanasi wenyewe, kile kinywaji cha maganda ya nanasi, unavyopikwa, lakini kwa maji machache ili utoke mzito. Uchuje, uupoze, uumiminie maji ya gesi. Sijaona mgeni aliyekataa glasi ya pili, na wengi wanauliza umenunua wapi. Majani ya chai yakizidi unakuwa mchungu, kwa hiyo kijiko kimoja cha chai kwa sufuria ya lita mbili kinanitosha.

Wakati wa kuchanganya, shira itangulie chini ya jagi, maji ya gesi yafuate taratibu kwenye ukuta wa jagi lililoinamishwa. Koroga mara moja kutoka chini kwa mwiko mrefu, basi. Ukiona mtu anatikisa chupa ili “ichanganyike vizuri”, mnyang'anye.

Kuna njia ya pili, ya hamira, kwa wasiotaka kununua maji ya gesi. Hii ni nafuu zaidi ila inataka macho. Kwenye chupa ya plastiki ya soda ya lita mbili weka kikombe kimoja cha sukari, tangawizi iliyokunwa na kukamuliwa, ndimu mbili, na hamira kavu kiasi cha robo ya kijiko cha chai, si zaidi. Jaza maji yaliyochemshwa yakapoa, ukiacha nafasi ya vidole vitatu juu, kisha funga. Hamira inakula sukari na kutoa gesi, na gesi ikikosa pa kutokea inaingia kwenye maji. Kwa joto letu siku moja inatosha, pengine haifiki. Usihesabu saa, bonyeza chupa: ikiwa ngumu kama tairi la boda, iingie friji papo hapo ilale usiku kucha. Baridi haiiui hamira, inaituliza tu, kwa hiyo inyweke ndani ya siku chache, na kizibo ukifungue polepole juu ya sinki.

Chupa nayo ina siri yake. Igeuze utazame kitako. Ya soda ina plastiki nene na vifundo kama miguu mitano, imetengenezwa kuhimili msukumo wa gesi. Ya maji ya kunywa ni laini, inabonyea ukiishika tu, hiyo usiitumie. Ya kioo ndiyo hatari kabisa kwa njia hii, kwa sababu haikuonyeshi kwamba imejaa gesi. Inapasuka tu, na vipande vinaruka.

Hamira pia huacha kileo kidogo. Ni kidogo mno kulewesha mtu, lakini kipo, na kinaongezeka chupa ikikaa nje. Mtu aambiwe kabla hajanywa. Jirani yangu Mwislamu hupata ya maji ya gesi, hasa wakati wa futari, na watoto wadogo vilevile. Hilo halina mjadala jikoni kwangu.

Mashine za kutia gesi nimezitumia kwenye nyumba za watu, na ni nzuri, ila kabla hujalipa uliza utaujazia wapi mtungi ukiisha, maana mashine isiyo na mtungi ni pambo la kabati. Ukiwa nayo, tia gesi kwenye maji matupu yaliyo baridi. Juisi iongezwe baadaye, vinginevyo itapanda na kumwagika jikoni kote. Magadi soda na ndimu? Yanatoa mapovu, ndiyo, ya kuwafurahisha watoto kwa dakika moja, lakini ladha inabaki ya chumvi chumvi na sabuni. Siyashauri.

Shira iliyochemshwa hukaa kwenye friji wiki nzima ndani ya chupa safi yenye kifuniko. Ya pasheni mbichi naipa siku tatu, na ikianza kutoa viputo yenyewe kabla hujaiongezea chochote, imeshaanza kuchacha, imwage. Tengeneza ya kutosha mara moja Ijumaa jioni, uiweke, na maji ya gesi yaingie friji usiku huo huo. Wageni wakifika utahitaji dakika mbili tu, na ndimu iliyokatwa vipande vyembamba.