Kuhusu safari ya tanga pwani ya Norwei

Ndugu, nimekuelewa: umezoea kuendesha mashua kwenda Bagamoyo na Zanzibar, sasa umealikwa kusafiri kwa tanga pwani ya Norwei mwezi Juni, na unauliza kama koti la mvua litatosha. Halitoshi. Bahari yetu ya Dar es Salaam haishuki sana chini ya nyuzi 25, ilhali huko, hata kiangazi, maji yanaweza kuwa nyuzi 10 tu, na anayetumbukia hutweta bila kujizuia kwa dakika moja hivi, kisha ndani ya dakika kama 10 vidole hukataa kushika kamba. Kwa hiyo vaa jaketi la kujiokolea muda wote ukiwa kwenye sitaha, ujifunge mkanda wa usalama, na ndani uvae sufu, kwani pamba ikilowa hukupora joto. Mlango-bahari wa Saltstraumen, karibu na mji wa Bodø, una mkondo mkali mno. Hupitwa maji yanapotulia tu, kwa kufuata jedwali la kujaa na kupwa. Kama una shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, muone daktari kabla ya kukata tiketi. Pombe ya kupasha mwili, ambayo hakika utakaribishwa, ikatae: huharakisha kupotea kwa joto.