Mita moja, fleti nne: msigawane stima kwa vichwa

Dada, umesema nyumba yenu ya Kibokoni imegawanywa fleti nne, mita ya tokeni ni moja, mnachanga sawa, na jirani wa juu ana kiyoyozi. Hapo unaonewa, wala si choyo kulalamika. Kiyoyozi cha kilowati 1 kikiwaka usiku kucha chaweza kula hadi yuniti 8. Wewe na feni yako hufiki hata moja. Tena mkirundikana kwenye mita moja mnavuka yuniti 100 kwa mwezi, na bei ya yuniti inawapandia nyote.

Mwombeni mwenye nyumba aombe mita ya kila fleti kutoka Kenya Power. Akisuasua, fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, aweke mita ndogo kila mlango, mzisome pamoja kila Jumapili na kuandika daftarini. Taa ya ngazi na pampu ya maji ndizo za kuchangia sawa.

Lakini lililonitia hofu ni swichi kubwa inayoruka kila magharibi, na ile plagi iliyogeuka kahawia. Msikubali kuwekewa swichi ya nguvu zaidi: nyaya kuukuu zitachemka ukutani kabla haijakata. Na plagi hiyo usiiguse tena, hata kwa kuchaji simu, mpaka fundi aifungue.