Simu yasema shamba lote ni udongo mmoja, mbona mahindi yakataa?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mie niko Ganda hapa Malindi, nina ekari mbili za mahindi na kunde. Upande wa juu mahindi yasimama vizuri, lakini kule chini kwenye mawe kila msimu yatoka na mistari ya manjano kwenye majani. Mpwa wangu kanifungulia ramani ya udongo kwenye simu, ati ya Afrika nzima, ikaonyesha shamba lote karibu rangi moja na pH (kipimo cha uchachu wa udongo, ikiwa juu uchachu ni kidogo) ile ile. Jirani naye aniambia nimwage chokaa kote. Nifuate nani?
Mkulima, Ganda

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo chokaa kwanza iache dukani. Hayo mawe nahisi ni matumbawe, na udongo uliokaa juu ya matumbawe una chokaa yake ya kuzaliwa, pH yake iko juu tayari, na ikiwa juu hivyo zinki na chuma hufungika mizizi isiweze kuvuta, ndio waona mistari. Ukiongeza chokaa pH itapanda zaidi, utaimaliza kabisa hiyo pembe.

Ramani ya mpwa wako nadhani ni iSDAsoil, iliyotoka 2020. Si uongo, ila yasoma ardhi kwa vipande vya mita 30 kwa 30, kwa hivyo ekari zako mbili ni kama vipande tisa basi. SoilGrids, ramani nyingine ya udongo ya dunia nzima, vipande vyake ndio vikubwa zaidi, kimoja mita 250 kwa 250, yaani ekari 15 na zaidi zapewa jibu moja! Na hakuna aliyekuja kuchimba kwako, walichukua vipimo vya maabara vya sehemu zingine wakavioanisha na picha za setilaiti, hapo katikati kompyuta ikakisia. Kwa mtu anayepanga kaunti nzima ni mali sana, lakini huku kwetu mchanga mwekundu, tope la mto Sabaki na matumbawe vyaweza kupakana.

Sasa chora yako. Karatasi tu na kalamu, tembea shamba lote, weka alama panapobadilika rangi, panapotuama maji, jembe linapogonga jiwe. Kila eneo lipate sampuli yake, usichanganye juu na chini. Zunguka kwa zigizaga, chimba mahali kumi mpaka kumi na tano, kina cha shubiri moja, tia kwenye ndoo ya plastiki (ya mabati ina zinki, itakudanganya), changanya, chota nusu kilo, anika kivulini. Kaa mbali na kichuguu, na zizi la zamani, na chini ya mwembe. Mie niliwahi kuchota chini ya mwembe ambapo mbuzi hulala mchana kutwa, majibu yakaja mazuri ajabu, nikaringa nikaacha samadi msimu mzima, kunde zikanidharau mbele ya majirani.

Ukipeleka maabara waambie wapime pH, zinki na chumvi pia, hasa kama wamwagilia maji ya kisima. Andika jina la eneo juu ya mfuko kwa kalamu isiyofutika, kile kikaratasi cha ndani hulowa.

Na hujaniambia kunde zafanyaje kule kwenye mawe, ama hukupanda?