Kongosho halijui kupika mbege

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona toka juzi, ile ya "mama hivi seli za insulini zikikosa oksijeni zinashindwa kuchoma sukari au zinashindwa kutoa insulini, nipe jibu fupi." Fupi nimelitafuta sijalipata. Halafu najua unauliza nini hasa, dada yako ameshaniambia habari za kupanda mlima Kilimanjaro, wewe na wenzako wa ofisini, na sukari hiyo uliyoambiwa unayo mwaka jana. Haya.

Kwa seli ile, iliyoko kwenye kongosho, kuchoma ndiko kupima sukari. Sukari ikiingia inakatwa vipande, vipande vinaenda mitokondria, yaani majiko ya seli, vinachomwa kwa oksijeni, halafu ile ATP, nishati ya seli niliyowakaririsha mezani mpaka ugali unapoa ikiongezeka inafunga milango ya potasiamu, kalsiamu inaingia, ndo vifuko vya insulini vinamwagwa kwenye damu. Sasa hewa ikipungua moto hauwaki, ATP haipandi, vifuko vimejaa na vimekaa tu pale pale. Damu imejaa sukari na seli haina habari. Miaka 31 darasani nimesema hakuna seli mvivu, kuna seli iliyonyimwa.

Utasema mbona misuli inavumilia. Misuli inajua kupika mbege bana, ile pombe yetu ya ndizi. Pombe haitoi, inatoa asidi ya laktiki, ila ujanja ni ule ule, kuvunja sukari bila hewa ukapata ATP 2 badala ya 30 hivi.

Na hapa nitakwambia ya pipa hata kama umeisikia. Nina miezi miwili tu Kibosho, bibi arusi na cheti changu cha ualimu, bibi yako akaniachia ndizi zimeshachemshwa ziko kwenye pipa, akasema funika usiguse. Mimi mwalimu wa bailojia nikaona lazima nifuatilie, nafunua asubuhi, nafunua mchana, nakoroga, naandika kwenye daftari. Siku ya kuchanganya na ulezi wazee wamekaa kwenye migomba na kata zao, babu yako mdogo akaonja, akanyamaza, akamwaga chini taratibu, akasema tunashukuru kwa siki ya mwalimu. Wanacheka mpaka leo. Baba yako naye alicheka, Mungu amrehemu, hilo sijamsamehe. Na nilikuwa najua kabisa kwamba bakteria wa siki wanataka hewa, nilishawahi kulifundisha!

Sasa seli ya insulini ni kinyume cha pipa, bila hewa haifanyi kitu, maana kimeng'enya cha kutengeneza laktiki inacho kidogo mno na mlango wa kupitishia hiyo laktiki ni kama haupo. Na si uzembe. Ukipanda mlima misuli inajaza laktiki kwenye damu, seli hizi zingekuwa zinaipokea zingedhani umekula, zingemwaga insulini ukiwa njiani. Wapo watu wachache wamezaliwa mlango huo uko wazi, wakifanya mazoezi makali sukari inashuka mpaka wanazimia. Kwa hiyo seli hizi zinategemea hewa, ndo maana visiwa vya Langerhans, yaani vikundi vya seli hizi, ni asilimia 1 au 2 tu ya kongosho lakini vinakula kama asilimia 10 mpaka 15 ya damu yake. Na ndo maana waliopandikiziwa visiwa, kama kule Edmonton, Kanada, vingi vinakufa siku za mwanzo kabla mishipa mipya haijaota.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Wale Kaelin, Ratcliffe na Semenza waliopata Nobeli 2019 walionyesha jinsi seli inavyohisi hewa, kuna protini inaitwa HIF, hewa ikipungua inabaki inaamrisha seli ipunguze kutumia mitokondria. Sasa kuna panya wa maabara walitolewa jeni inayoiondoa hiyo HIF, kwenye seli za insulini tu, hewa ipo tele, na bado sukari ikipanda insulini haikutoka sawasawa. Hapo nani kanyima? Seli imegoma yenyewe. Nimelala na hilo siku mbili. Au tuseme imedanganywa kwamba hakuna hewa, na aliyedanganywa si mvivu... sijui, labda nashikilia tu kwa sababu nimeshalisema miaka 31.

Basi tuje mlimani. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895, kila pumzi ina kama nusu ya oksijeni unayovuta hapo Dar. Lakini seli za kwenye sahani ya maabara si wewe, wewe una mapafu yatakayohema mara mbili na moyo utakaokimbia, na misuli itakayokula sukari njia nzima. Mimi kinachonitisha zaidi ni baridi, kile kipimo chako cha sukari kikiganda kinakupa namba za ajabu, kiweke kifuani ndani ya nguo. Na daktari wako umwambie mlima, usimwambie matembezi.

Usinilazimishe kusema upande au usipande. Ningesema, lakini nitanyamaza, una miaka 34. Ila ungeniuliza kabla hujalipia!

Sweta la baba yako la mlimani lipo kabatini, panya wamekula mkono mmoja. Nitajie tarehe mapema niufume.

Mama