Cheti kimetoka: kabla hujaichomeka bastola kiunoni

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuanza kuibeba bastola yako ya Glock 19 mara tu cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha ya Kenya kinapotoka. Cheti unacho, ila mkono bado.

Glock haina swichi ya usalama ya kubonyeza kwa gumba. Chochote kikivuta triga (kifyatulio) sawasawa, kidole au kitambaa, inalia, yaani risasi inatoka. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye holsta, ala ya kubebea bastola kiunoni: ya plastiki ngumu, iliyotengenezewa modeli hiyo hiyo, inayofunika triga yote na kubaki wazi mdomoni ukishachomoa. Mkanda nao uwe mgumu, la sivyo holsta itapanda pamoja na bastola.

Kisha mazoezi makavu, yaani bila risasi, nyumbani, dakika kumi kwa siku. Toa magazini (kasha la risasi linaloingia ndani ya kitako) kwanza, ndipo uvute slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma). Ukigeuza mpangilio huo, slaidi inachota risasi nyingine kutoka kwenye magazini, nawe unaamini bastola ni tupu. Tazama chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi), halafu ingiza kidole kidogo humo uhakikishe ni tupu. Risasi zote zikae chumba kingine. Elekea ukuta wa mawe, kamwe si mabati.

Kuchomoa: mkono wa kushoto unapandisha shati hadi kifuani, wa kulia unashika kitako barabara bastola ikiwa bado kwenye holsta. Vuta wima, geuza mtutu mbele, mikono ikutane kifuani, sukuma. Kidole cha shahada kinalala kando ya fremu mpaka umeamua kufyatua.

Sasa kurudisha, na hapa ndipo watu hujipiga paja. Pindo la shati au kamba ya jaketi huingia kwenye triga, mtu anasukuma bila kuangalia. Inua shati, tazama mdomo wa holsta, rudisha taratibu. Hakuna zawadi ya kurudisha haraka.

Uwanjani piga angalau risasi 200 za mazoezi na 50 za aina utakayobeba, ukiwa umbali wa mita 3, 5 na 7. Mita 25 waachie wa mashindano. Ikikataa kulia, gonga kitako cha magazini, vuta slaidi, achia. Ganda la risasi iliyopigwa likinasa wima, mara nyingi mshiko wako umelegea. Risasi mbili zikibanana, funga slaidi nyuma, ng'oa magazini, vuta slaidi mara tatu, ndipo upakie upya.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: risasi ile ile ikitolewa chemba kila jioni na kurudishwa asubuhi, kichwa chake huzama kidogo kidogo ndani ya ganda, na presha hupanda hatari. Ilinganishe na mpya. Ikiwa fupi, usiipige.

Kuhusu kujitetea, Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinafuata misingi ya common law ya Uingereza, yaani sheria inayotokana na hukumu za mahakama: nguvu iwe ya lazima na ilingane na hatari. Anayekimbia na simu yako hajakupa sababu ya kumpiga risasi. Siku ya pombe, bastola ibaki kwenye sefu.

Mwisho, ivae tupu ndani ya nyumba kwa wiki mbili. Inama, funga viatu, ingia garini na mkanda wa kiti, nenda chooni (isitoke kwenye holsta, isiwekwe juu ya tangi la maji, huko ndiko husahaulika). Shati likipanda kitako kikaonekana, badilisha shati au sogeza holsta. Ukiwa Mombasa, ifute kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta, maana jasho na chumvi hutia kutu upesi.