Mmeuliza kuhusu steringi, mimi nawajibu kuhusu wifi

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: mwanamume wa kwenye riwaya ya mapenzi akiwa na kasoro kubwa, bado msomaji ampende? Mkaomba pia tutaje kitabu kilichotufanya tubishane na wenzetu. Cha kwangu ni It Ends with Us cha Mmarekani Colleen Hoover, kilichotoka mwaka 2016. Jina lake saluni kwangu tulilifanya "Basi, Yaishie Hapa". Ambaye hajakisoma na anapenda kushtukizwa aruke barua hii, maana nitamwaga kila kitu.

Saluni yangu iko Tanga, ina viti viwili, draya moja na benchi la wanaosubiri. Kitabu aliniachia mpwa wangu alipokuja likizo kutoka chuo. Ni cha Kiingereza, na wateja wangu wengi, hata wanaokijua Kiingereza, hawana muda wa kukaa na riwaya nzima. Basi nikawa nasoma usiku, mchana nasimulia huku nasuka. Mtu wa rasta anakaa saa tano, sita, haendi popote. Baada ya siku mbili wakaanza kurudi watu ambao nywele zao hazijachakaa, wamekuja "kuoshwa tu", kumbe wanataka kujua yule daktari kafikia wapi.

Hadithi ni ya Lily Bloom, binti wa Maine aliyehamia Boston na kufungua duka la maua. Baba yake alikuwa mtu mkubwa mjini kwao na nyumbani alikuwa anampiga mama yake. Kwenye maziko Lily anatakiwa aeleze mema ya marehemu, anasimama pale mbele kimya, hana la kusema. Usiku huo huo, juu ya paa la ghorofa, anakutana na Ryle Kincaid, anayesomea upasuaji wa ubongo. Ryle anaingia kwenye hadithi akikipiga kiti mateke. Niliposimulia hapo hakuna aliyestuka. Wala mimi niliposoma sikustuka. Kiti kile nilikuja kukikumbuka baadaye sana.

Mtaani kwetu mwanamume mkuu wa hadithi ni steringi, na steringi tunamjua: anapigwa lakini hafi, na mwisho binti ni wake. Huyu alikuwa na kila kitu. Mteja mmoja akawa anahesabu kwa vidole: mrefu, daktari, ana hela, hana mtoto wa nje, anampenda dada yake. Akauliza, "Sasa shetani kajificha wapi?" Tukacheka. Walipokwenda kufunga ndoa Las Vegas chapchapu, saluni nzima ikachukia. Ndoa gani haina kamati, haina michango, haina hata picha na shangazi!

Lakini kabla ya ndoa hiyo kulikuwa na jambo la jikoni. Chakula kimeungua kwenye oveni, Ryle kakamata chombo cha moto kwa mkono, Lily kanywa mvinyo kidogo na anacheka. Mkono wa Ryle ukaruka. Lily akaenda kujigonga kwenye kabati, akapasuka pembeni mwa jicho. Hapo nilinyamaza kidogo nichukue uzi, na sauti ya kwanza iliyotoka kwenye benchi ilikuwa: "Na yeye alikuwa anacheka nini?"

Sikumlaumu aliyesema. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 uliwauliza wanawake wa Tanzania kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu fulani fulani, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ni kuunguza chakula. Wanawake 58 katika kila 100 walikubali angalau sababu moja kati ya zile. Wanaume walikuwa 40. Kwa hiyo benchi langu halikuwa na ajabu yoyote, na mwandishi wa Marekani, bila kutujua, alikuwa ametuwekea chakula kilekile kilichoungua.

Mteja wangu mmoja karani wa mahakama akainua kichwa, nikakirudisha maana nilikuwa katikati ya msitari. Akasema Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, imeshamaliza: hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, mila iseme inavyosema. Bibi mmoja aliyekuja kusukwa twende kilioni akamjibu, "Kifungu nimekisikia, mwanangu. Na kodi ya miezi sita mbele, analipa kifungu?"

Kasoro ya kitabu niliiona hapo, na ninaona wasomaji wengi wameipita. Wanabishana juu ya Ryle, lakini Lily ana duka lake, ana pesa yake, ana mama aliye hai anayeyajua mambo hayo kwa ngozi yake. Akiondoka ana pa kwenda. Pia yupo Atlas, kijana asiye na makazi ambaye Lily alimsaidia zamani, na ambaye sasa ana mgahawa mzuri hapo hapo Boston na anamngoja. Huyo Atlas sina hamu naye. Mwanamume asiye hata na kikohozi simwamini. Mwandishi alimrudia kwenye kitabu cha pili mwaka 2022. Wateja wangu waliishia kumwita "yule mpishi".

Mara ya pili ni ngazi. Wameshaoana, Ryle kaona namba ya Atlas imefichwa kwenye kava la simu, na Lily anajikuta chini ya ngazi. Anapopata fahamu, mume anamtibu kwa upole kabisa, daktari na mikono yake mizuri, na anamwambia: umeanguka.

Benchi hapo halikusema kitu. Nami nitawaambia kitu ambacho wasusi wote wanakijua na hatukisemi. Msusi anaona kichwa. Nywele zilizokatika kwa sababu ya rasta nzito zinakatika mbele, kwenye paji, taratibu, pande zote mbili. Nywele zilizong'olewa kwa mkono zinatoka mahali pamoja, kama shilingi, na ngozi inauma ukiigusa na kitana. Mteja anakaa anasema, "Nilazie hapa, pafunike." Unalaza, unafunika. Unamsifia zimekaa vizuri. Kwa miaka niliyosuka nimefunika vichwa vingi, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kapigwa. Mlango, bafu, bodaboda, na ndiyo, ngazi, hata kwa watu wa nyumba za chini.

Baada ya ngazi ndipo tunaambiwa siri ya Ryle: akiwa na miaka sita, akicheza na bunduki, alimuua kaka yake kwa bahati mbaya. Nusu ya saluni ikalainika palepale. Mimi nilikasirika. Sina shida na mtu kuwa na jeraha, nina shida na saa lilipoletwa. Mwandishi kalitoa mezani wakati tunaanza kumchoka mtu, kama mwenye deni anayekuja na habari ya msiba siku unayomdai. Mara ya tatu, alipomng'ata na kumpiga kichwa na kutaka kumwingilia kwa nguvu, wale waliolainika hawakuniangalia usoni. Kanga inasema mdhaniaye ndiye kumbe siye, lakini kanga huwa tunaisoma mwenzetu akishaivaa.

Najua huko nje kuna wasomaji wanaodai wametapeliwa, wamenunua kitabu chenye maua kwenye jalada wakijua ni mapenzi, wakakuta kipigo. Mwaka 2023 ilitangazwa hata kwamba kitatolewa kitabu chake cha kupaka rangi, watu wakapiga kelele, kikafutwa. Huo kweli ulikuwa upuuzi. Filamu ilipotoka Agosti 2024 ikatangazwa kama mtoko wa mashosti na magauni ya maua, watu wakalalamika tena. Lakini kuwekwa kwenye rafu ya mapenzi, hapo namtetea mwandishi. Mwenyewe anaeleza mwishoni kuwa baba yake alikuwa akimpiga mama yake, na mama akaondoka. Alijua anachofanya alipotufanya tumpende Ryle kwanza. Kingekaa rafu ya ushauri nasaha, nani saluni kwangu angekisikiliza siku nne?

Sasa nije kwa wifi, kwa sababu ndiye aliyenifanya niandike.

Ryle ana dada, Allysa. Ndiye anayefanya kazi dukani kwa Lily, ndiye shoga yake, na kwa ndoa ile akawa wifi yake. Lily, akiwa mjamzito, anamweleza yote. Nikaacha kusuka ili nilisimulie vizuri. Allysa anamwambia: kama dada wa Ryle, natamani kwa moyo wote ungemsamehe. Lakini kama shoga yako, ukimrudia sitasema nawe tena.

Saluni ililipuka. Hakuna aliyeamini. Ubongo unaopasuliwa waliuamini, Las Vegas waliiamini, mwanamume anayehama barabarani hadi kumiliki mgahawa walimwamini, ila wifi wa namna hiyo, hapana. "Huyo katungwa," akasema mmoja. Mwingine akasema wifi yake yeye, siku alipokwenda kwao na jino mkononi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika, kabla hata ya mume, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Umetuaibisha."

Mimi nilinyamaza, nikarudi kwenye rasta. Kwa sababu mimi ni wifi.

Miaka kumi na moja iliyopita nilipanda basi kwenda Korogwe kumrudisha mke wa kaka yangu. Nilibeba doti ya kanga na kilo mbili za sukari kwa mama yake. Nilikaa kwenye mkeka nikasema maneno ambayo hakuna aliyenifundisha, yalikuwa tayari mdomoni: kaka ana hasira za karibu tu, moyo wake mweupe, na baba yetu alitulea kwa fimbo, mwenzio hajui njia nyingine. Nililileta jeraha la utotoni mezani, kama mwandishi. Nikamwambia mume akiwa moto wewe uwe maji. Alinisikiliza kichwa kimeinama, nami nikiwa msusi nilikuwa nakiona kichwa chenyewe. Tukapanda basi la mchana pamoja. Njiani nilimnunulia machungwa.

Alikaa miezi kumi na minne. Alipoondoka tena hakwenda Korogwe, kwa sababu Korogwe wifi anapajua. Kwa miaka miwili hatukujua yuko wapi. Nilipokwenda kumsaidia kaka kupanga nyumba nikaikuta ile doti kabatini, haijakatwa, haijapindwa, bado imekunjwa kama ilivyotoka dukani. Kaka yangu ni mtu mwema kwa mambo mengi. Alinilipia fremu ya kwanza ya saluni hii. Haya yote ni kweli kwa pamoja, na ndiyo sababu swali lenu la "apendwe au asipendwe" limenishinda. Nampenda. Ryle pia nilimpenda, na kwenye kurasa za mwisho nilikuwa bado nampenda, pale Lily kashajifungua binti na anamuuliza baba mtu angemwambia nini binti huyu siku akija kupigwa na ampendaye. Ryle anajibu mwenyewe, analia, na ndoa inaishia kwenye jibu lake. Hakuna aliyehitaji kumchukia ili aachwe.

Tulibishana kidogo pia kuhusu Lily kumpa Ryle mtoto akae naye siku za zamu yake. Karani alisema sawa, bibi alisema hata kwa bunduki asingempa. Hilo halikuisha, na sina msimamo.

Siku niliyomaliza kusimulia, kiti cha kwanza kilikuwa na bi harusi, kicheni pati yake ilikuwa Jumamosi. Alikuwa kaletwa na wifi yake mtarajiwa, ndiye aliyelipia nywele, kama inavyotakiwa. Wifi alikuwa chini ya draya muda wote, nikadhani hasikii. Nilipofika mwisho bi harusi akasema Allysa angekuwa Mbongo angeitwa msaliti wa ukoo. Watu wakacheka. Wifi akainua draya.

"Hebu rudia hapo," akasema. "Yule dada mtu alisemaje?"

Nikarudia. Akauliza tena kama alisema mbele ya kaka yake au pembeni. Nikamwambia pembeni, wawili tu. Akamtazama bi harusi kwenye kioo, bi harusi akawa anatazama kucha zake. Kisha akashusha draya, ilikuwa imebaki dakika ishirini.