Noah inagonga mbele baada ya kufunga springi za kuinua

Ndugu, kwa kuwa unasema Noah yako inagonga mbele kwenye vituta vidogo tu, tena tangu ufunge springi ndefu, nashuku linki za stabilaiza, yaani vijiti vinavyounganisha chuma cha kuzuia gari kulala kwenye kona na sehemu za magurudumu. Gari likiinuliwa, linki za zamani hukaa vibaya. Zifungue zote mbili, pita taratibu barabara ileile. Kelele ikiisha, umeipata. Kona kata polepole, gari litalala zaidi.

Ikilia ukikata usukani umesimama, angalia beringi za juu ya shokapu.

Na umuulize fundi: bushi (mipira ya maungio) za wishiboni, ile mikono inayoshika magurudumu, alizikaza magurudumu yakining'inia? Kama ndiyo, mpira unajipinda gari likishuka, unalia, na utachanika mapema. Zilegezwe, gari likalie matairi yake, ndipo zikazwe. Hili mafundi wengi hulipuuza.